Mchango wa Saa

Nimeolewa katika familia isiyoweza kufanya jambo lolote bila kikao. Mtu akipata mafua, kikao. Bomba la jikoni likivuja, kikao, na maji yanaendelea kumwagika huku mwenyekiti akiwashukuru wajumbe kwa kuacha shughuli zao na kufika, ilhali wajumbe wote wanaishi humo humo ndani. Mwenyekiti ni mume wangu, mwalimu wa udereva, ambaye kutwa nzima kazi yake ni kukanyaga breki za watu wengine. Mweka hazina ni mdogo wake, shemeji yangu, aliyekuja kututembelea msimu mmoja wa mvua na mpaka leo hajaona sababu ya kuondoka. Katibu ni binti yetu wa sekondari, kwa kuwa ana simu. Mama mkwe ni mlezi wa kikao, maana yake anakaa karibu na mlango na haulizwi kitu. Mimi ni mjumbe wa kawaida, na ndimi ninayepika chai ya wajumbe.

Asubuhi mpaka alasiri nakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, nikiwaambia watu waliovimba mashavu wakae wasubiri. Si kazi mbaya, ila hakuna hata mmoja anayefurahi kuniona. Kazi yangu ya moyoni ni makochi. Marehemu baba alikuwa fundi makochi, na mimi nilikulia chini ya meza yake, katikati ya vipande vya sponji. Nikikuta kiti kimechanika siwezi kupita bila kukishika, kama watu wengine wanavyoshindwa kupita penye mtoto mchanga.

Basi akaja kliniki msusi mmoja kung'olewa jino. Akakaa kwenye kiti ambacho nilikuwa nimekivalisha kitambaa kipya mwenyewe, akakipapasa, akasahau maumivu kwa muda wa kutosha kuuliza ni fundi gani huyu. Nikamwambia ni mimi. Alikuwa anafungua saluni Jumamosi ya wiki iliyofuata, ana viti vya wateja vimechoka na benchi refu lililotoboka matumbo. Alipotoka kwa daktari mdomo umejaa ganzi, nusu ya maneno yake yalimwagikia shingoni, lakini hili lilieleweka vizuri: viti vyote viwe ndani Jumamosi asubuhi, vinginevyo anavihamishia karakana kubwa na hataki kuniona tena. Vikipendeza, ana dada zake wenye hoteli na ofisi, na wote wana makochi.

Nilikuwa nimeisubiri kazi ya namna hiyo tangu baba aniachie nyundo yake. Nikaikubali kabla akili haijanikumbusha kwamba sina muda. Nikitoka kliniki napika, naosha, napiga pasi, natafuta soksi za mtu ambaye soksi zake anazo miguuni. Mtu mmoja siwezi kuwa kiberiti, kuni na chungu.

Ndiyo maana Jumapili, kikao kilipofika kwenye mengineyo, nikasimama nikaeleza. Sikuomba makubwa. Nilisema nahitaji familia inisaidie nipate muda wiki hii. Nilimaanisha mtu apike, mtu aoshe, mtu avae soksi zake kimya kimya. Mtu yeyote mwenye akili angenielewa.

Mume wangu alijikohoza, akavaa ile sura ya mgeni rasmi anayefungua barabara. Alisema familia hii haijawahi kumtupa mtu wake. Alipoumwa mjomba tulichanga, paa lilipong'oka tulichanga, na sasa mke wake amehitaji muda, basi tutachanga muda. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wajumbe wakapiga makofi. Shemeji akaenda jikoni akarudi na bakuli langu la plastiki lenye kifuniko, lile la kuhifadhia unga, akalifuta kwa fulana yake na kuliweka mezani.

Nilidhani ni utani. Shemeji akaingiza ngumi kwenye bakuli, akasema kwa sauti ya msiba kwamba anatoa saa yake ya baada ya chakula cha mchana, ya Jumatatu. Akafungua ngumi, akatoa mkono, akafunika haraka kitu kisiruke. Binti yangu akafuata, akatoa saa yake ya jioni ya Jumanne. Mume wangu akasimama, akafunga kifungo cha koti ambalo hakuwa amelivaa kabla ya kikao kuanza, akatangaza kwamba yeye kama mwenyekiti na kama baba wa nyumba anatoa saa mbili nzima, za jioni ya Jumatano. Makofi yake yalikuwa marefu. Shemeji alipiga na miguu.

Mama mkwe hakutoa. Alisema saa yake ni ndogo, tena imechakaa, ataona. Mume wangu akamtazama kwa masikitiko, wajumbe wakaguna. Mimi nilikwenda kulala nimenuna, nikijiambia nimeomba msaada nimepewa bakuli tupu.

Jumatatu nikiwa kliniki alinipigia shemeji, ana hasira. Alisema alikuwa mezani na kijiko mdomoni, mara akajikuta amesimama getini, jua limeteremka, kijiko kingali mdomoni. Saa yake ya kulala imeng'olewa kama jino. Hapo ndipo nilipoanza kuamini. Nilirudi nyumbani mbio, nikabeba bakuli mpaka stoo nilikokuwa nimepanga viti vya saluni, nikafunga mlango, nikafunua kifuniko.

Sauti zote za nyumbani zilikatika. Maji ya jirani, redio, kelele za barabarani, kimya. Kwenye dirisha dogo la stoo jua lilisimama pale pale juu ya ukuta, likanisubiri. Nilikuwa na saa nzima ambayo haikuwa ya mtu mwingine duniani. Nikashika nyundo, nikang'oa msumari wa kwanza, na macho yakaanza kuwa mazito. Nikapiga mwayo ambao haukuwa wangu, mwayo mpana wenye sauti mwishoni, wa shemeji kabisa. Nikasema nijinyooshe kidogo juu ya sponji.

Nilipozinduka jua lilikuwa limeanza kutembea tena, udenda umechora ramani kwenye sponji, na viti vilikuwa vile vile. Saa ya shemeji haikujua kazi nyingine isipokuwa ile aliyoizoea. Niliumia mpaka nikacheka peke yangu.

Jumanne nikasema binti ni kijana, saa yake itakuwa na nguvu. Ilikuwa nayo. Ila kila nilipotandaza kitambaa, kidole gumba changu kilianza kukisugua kwenda juu, kwenda juu, kwenda juu, nami nikikitazama kitambaa kwa hamu kana kwamba sentimita inayofuata itakuwa na jambo jipya. Saa ikaisha kama chumvi kwenye maji. Sikukumbuka chochote kilichotokea humo, isipokuwa paka aliyeanguka kutoka juu ya kabati, na sijui nilimwonea wapi.

Nikabaki na tumaini moja, saa mbili za mume wangu. Jumatano kliniki nilikuwa na furaha mpaka wagonjwa wakanishuku. Saa mbili ni viti vyote, nikajisemea, na sehemu ya benchi. Mume wangu ni mtu mwenye utaratibu. Anakaa wima, anatazama mbele, hakurupuki. Saa zake zitakuwa na nidhamu.

Nikafunua kifuniko. Kwanza ikanijia harufu ya vitunguu. Nikatazama mikono yangu, ilikuwa inamenya viazi. Hakukuwa na viazi stoo, mikono ilimenya hewa kwa ustadi mkubwa. Halafu ikachochea, ikaonja chumvi, ikaosha sufuria, ikakunja shati, ikapiga pasi kola, ikainama chini ya kitanda kisichokuwepo kutafuta soksi. Miguu yangu ilikwenda huku na huko kati ya viti kama ya mtu aliyechelewa. Nilijaribu kukamata nyundo, mkono ukakataa, ukaenda kufuta meza. Na harakati zile zote nilizijua. Ule ujanja wa kugeuza kola kwa kidole kidogo ni wangu. Kile kizunguzungu cha kuinuka haraka kutoka chini ya kitanda ni changu. Mwenyekiti alikuwa amechangia saa zangu mwenyewe, na alipigiwa makofi.

Damu ilinichemka. Nilitoka stoo nimebeba bakuli, nikaligonga kwa mwiko katikati ya sebule, nikaitisha kikao cha dharura. Mume wangu akaniambia kwa upole kwamba kwa taratibu zetu mjumbe wa kawaida hawezi kuitisha kikao. Nikamwambia akae. Akakaa.

Nikawaeleza yote. Shemeji alijikuna, binti alificha simu chini ya mto. Mume wangu alitabasamu kama anavyowatabasamia wanafunzi wake wakikaribia kugonga ukuta, akasema labda nilifungua vibaya. Yeye alichotoa ni jioni yake ya Jumatano, na jioni yake anaifahamu: anarudi, anakula, shati linakuwa tayari, vyombo vinakuwa safi. Hizo ndizo saa mbili. Kama hazimtoshi mtu, ni bahati mbaya, lakini kwenye mchango huu hakuna aliyemzidi.

"Hizo zilikuwa zangu," nikamwambia. "Umenipa zangu."

Mama mkwe akaongea kule mlangoni, bila kugeuza kichwa.

"Na kabla yake zilikuwa zangu, mwanangu. Ulizikuta hivyo hivyo."

Hakuna aliyeguna safari hiyo. Mama mkwe aliinuka, akaja polepole mpaka mezani, akaingiza mkono kwenye bakuli. Alisema anatoa ile saa yake ya alasiri anayokwenda kukaa nyuma ya nyumba. Hana nyingine. Aliificha kwa miaka, akimwambia marehemu mumewe kwamba anaanua nguo, hata siku za mvua. Mume wangu akasema hakujua. Mama yake akamjibu kwamba ndiyo maana ikadumu.

Alhamisi nilifunua kifuniko kwa heshima, karibu nibishe hodi. Ilikuwa saa nzuri. Ndogo, safi, imefagiliwa. Mikono yangu ilinitii. Nikavua vitambaa vya zamani, nikakata sponji, nikavuta kitambaa kipya mpaka kikalia, nikapiga misumari kwa mstari alionifundisha baba. Ila kulikuwa na jambo moja. Kila baada ya mishono michache nilishtuka, nikainua kichwa, nikaitika, "Abee!" Hakuna aliyekuwa ameita. Nikainama tena, nikashona kidogo, "Abee!" Nilijichoma sindano mara kadhaa kwa sababu ya sauti ambazo hazikuwepo. Mama mkwe alikuwa amejiibia saa, lakini sikio moja aliliacha ndani ya nyumba kila siku. Nilivalisha viti vyote katika ile saa, na nililia kidogo juu ya kile cha mwisho, hasira na huruma zimechanganyika sijui ipi ni ipi.

Lakini benchi lilibaki. Benchi refu, matumbo nje, na bakuli tupu. Ijumaa nilirudi kutoka kliniki nikimpangia msusi maneno ya kuomba radhi, huku nikijua hayatasaidia. Yule mama hata baada ya sindano ya ganzi alikuwa na msimamo.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Hakuwa na koti. Alikuwa amevaa jezi, kwa sababu jioni ile timu yake ilikuwa inacheza mechi ambayo wameizungumzia tangu mwezi uliopita. Kila Ijumaa yeye na wenzake hukaa kwenye kibanda cha mpira, na siku hiyo hakuna kikao, hakuna ugonjwa, hakuna bomba. Hata akifiwa, nadhani, angeomba maiti isubiri kipenga cha mwisho.

Hakuitisha wajumbe. Alitazama nyuma kama mwizi, akaniomba bakuli, akaingiza ngumi. Ngumi ilikaa humo muda mrefu.

"Hii ni yangu kweli," akasema. "Nimekagua."

Sikumpigia makofi. Nilifunika, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Nakiri nilikuwa na woga. Nilitarajia kelele za mpira, matusi kwa refa, pengine miguu yangu ipige teke benchi la watu.

Kelele zilikuwepo, kwa mbali, za kufurahisha. Lakini kilichonishangaza ni kitu kingine. Nilikaa, nikashika kitambaa, nikasubiri kushtuka. Sikushtuka. Nikashona upande mzima wa benchi, bado. Sikio langu lililala chali. Mabega yangu yaliteremka mahali ambapo sikujua kwamba mabega hufika. Ndani ya saa ile hakukuwa na mtu wa kuita, wala hajawahi kuwepo, wala haikuwahi kumpitia akilini mwenye saa kwamba anaweza kuitwa. Ilikuwa pana kama uwanja. Nilijaza sponji, nikavuta kitambaa, nikapiga misumari huku nikiimba wimbo wa timu nisiyoijua, na mahali fulani katikati nikaruka juu na nyundo nikapiga kelele za goli. Nilimaliza benchi na muda ukabaki. Nikalala juu yake, nikatazama dari, nikiwa na raha ambayo sijawahi kuipata tangu niolewe.

Kisha nikakasirika upya. Kwa sababu kumbe kitu hiki kilikuwepo. Kilikuwa humu humu ndani kila Ijumaa, na mimi nilikuwa jikoni nikidhani watu wote duniani wanaishi sikio likiwa wima.

Jumamosi asubuhi viti vilifika saluni. Msusi akakaa kwenye kila kimoja, akalala kwenye benchi na viatu vyake, akainuka, akanipa namba ya dada yake mwenye hoteli. Alisema dada huyo ana makochi ya ukumbi mzima na anayataka mapema. Nilirudi nyumbani natembea juu juu.

Jioni tulikaa sebuleni, mimi na mama mkwe kwenye kochi, mume wangu mbele yetu. Matokeo ya mechi alikuwa ameshayasikia kwa wenzake. Walimwambia kila goli, nani alipiga, nani alidaka, lakini alikuwa kama mtu aliyesimuliwa harusi yake mwenyewe. Akasogea karibu yangu.

"Ilikuwaje?" akauliza.

"Hakuna aliyeniita."

"Nauliza mechi."

"Na mimi nakujibu hiyo hiyo."

Mume wangu si mtu mbaya, ni mtu ambaye jambo humfikia likiwa limepitia vikao vingi. Nikamwambia dada wa yule msusi ana kazi kubwa, kwa hiyo Ijumaa ijayo nitaihitaji tena. Akatazama sakafu. Halafu, bila ajenda, bila hata kumshukuru mtu kwa kufika, akainuka, akakunja mikono ya shati na kwenda jikoni. Tukasikia maji yakifunguliwa, sahani zikigongana, kijiko kikianguka. Mimi na mama yake tukatazamana.

Haikupita muda tukaisikia sauti yake.

"Mke wangu! Sabuni iko wapi?"

Sikujibu. Akaita tena, kwa sauti zaidi. Mama mkwe akaweka mikono kwenye magoti, akaanza kuinuka, mdomo tayari umefunguka kuitika. Nikamshika mkono. Alinitazama, akatazama kule jikoni, kisha akakaa.